Redio ya Zamani ni Shule

Kijana anayefungua redio chakavu ya transista ili aifufue huchekwa kuwa anacheza na takataka. Sisi hatukubaliani na kicheko hicho.

Transista, iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1947, hutumia umeme kidogo mno kuliko vali. Ndiyo sababu redio iliweza kufika kwa betri chache tu hadi vijiji visivyo na umeme. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 nchini waliizunguka redio vikundi vikundi kwa majuma 12. Wakasikiliza, wakajadili, kisha wakachimba vyoo. Leo chombo kilichobeba elimu hiyo huuzwa kwa kilo pamoja na vyuma chakavu.

Redio hizo bado ni walimu. Ndani yake kila transista na kila rezista huonekana kwa macho na hubadilishwa kwa mkono. Simu ya mkononi haimpi mwanafunzi nafasi hiyo. Asiyejua kufungua atabaki mnunuzi daima.

Hivyo wazee wetu, kutoka Iramba hadi Manyoni, wasiziuze redio zilizonyamaza kabatini. Wawape vijana, na shule ziwatengee meza ya kazi. Kujitegemea huanzia mikononi.