Deni la Makumbusho na Mshahara wa Askari

Mwezi wa Mei mwaka 2010, mji wa Oakland katika jimbo la California, Marekani, ulifungua upya kumbi za historia na sanaa za jumba lake la makumbusho, baada ya matengenezo na upanuzi uliogharimu mamilioni ya dola. Mwezi wa Julai mwaka huo huo, mji ule ule uliwaachisha kazi maaskari polisi 80 kwa sababu ya upungufu katika hazina yake. Askari anayezisoma habari hizi mbili kwa pamoja atauliza, na ana haki ya kuuliza: je, fedha za kupamba kuta zilipatikanaje, ilhali za kumlipa mlinzi wa raia zilikosekana?

Ili kulijibu swali hilo, yafaa kwanza ieleweke hati fungani ni kitu gani. Hiyo ni hati ya mkopo. Serikali au baraza la mji huwauzia watu na mabenki hati hizo, hupokea fedha papo hapo, na huahidi kuzirudisha pamoja na riba katika muda uliowekwa. Huko California, iwapo deni litalipwa kwa kodi ya nyumba na viwanja, baraza la mji haliwezi kukopa kwa amri yake lenyewe. Ni lazima wapigaji kura waridhie, tena si kwa wingi wa kawaida, bali kwa theluthi mbili. Sheria yaongeza sharti jingine: fedha hizo zitumike kwa ardhi na majengo tu. Haziwezi kugeuzwa kuwa mishahara.

Oakland imeipita njia hiyo zaidi ya mara moja. Mwaka 1961 wananchi wake waliridhia mkopo wa dola milioni 6.6, na mwaka 1969 likafunguliwa jumba lililochorwa na Kevin Roche, msanifu mzaliwa wa Ireland, likiyaunganisha makumbusho matatu ya zamani: ya sanaa, ya historia na ya viumbe. Mwaka 2002 waliridhia deni jingine la dola milioni 59, ligawanywe kati ya makumbusho, bustani ya wanyama na kituo cha elimu ya anga. Fungu la makumbusho, pamoja na michango ya wahisani, ndilo lililolipia kazi iliyozinduliwa mwaka 2010.

Basi jibu la kisheria ni wazi. Fedha za jumba zilikuwa zimekwisha kutengwa miaka minane kabla ya maaskari kuachishwa kazi, na hapakuwa na mkono ulioruhusiwa kuzigusa. Mishahara hutoka katika mapato ya kila mwaka, nayo yalipungua sana baada ya msukosuko wa uchumi wa mwaka 2008.

Lakini jibu la kisheria si jibu zima. Mwenye nyumba ni mmoja, naye ndiye alipaye kodi zote. Isitoshe, mkopo hujenga kuta lakini hauwalipi walinzi, wafagiaji wala wahifadhi wa jumba. Mwaka 2011 baraza la mji liliukabidhi uendeshaji wa makumbusho kwa shirika lisilo la faida, likabaki na umiliki wa jengo na wa vitu vilivyomo. Hapo ndipo penye fundisho: ajengaye kwa deni bila kuyafikiria matumizi ya kila siku amejenga nusu tu.

Je, deni lenyewe lilistahili? Mwaka 1966 chama cha Black Panther kilianzishwa katika mji huo huo wa Oakland, na wafuasi wake walizifuata doria za polisi huku wamebeba bunduki, wakisema wanawalinda watu weusi dhidi ya uonevu. Mwaka 2016, ilipotimu miaka 50, makumbusho hayo yalifanya maonyesho makubwa juu ya chama hicho. Huenda polisi aliyeyatazama hakupendezwa na yote aliyoyaona. Hata hivyo, jeshi la polisi lisilojua kwa nini raia waliwahi kuliogopa, litajuaje namna ya kuaminiwa nao? Jumba lililojengwa kwa kodi ya watu wote haliwezi kuhifadhi kumbukumbu za upande mmoja.

Dawa ya deni ni kulipa, na alipaye ni mwananchi, akiwamo askari mwenyewe. Kwa hiyo, popote deni la umma linapopendekezwa, iwe kwa makumbusho, barabara au kambi, na yaulizwe maswali matatu: nani ameridhia, nani atalipa, na nani atalitunza jengo baada ya utepe kukatwa? Oakland ilijibu mawili ya kwanza mbele ya sanduku la kura. La tatu lilingojea mpaka hazina ilipokauka.