Mkaa usiotoa moshi nao unaua

Baridi inapoingia, hasa katika mikoa ya Njombe, Iringa na Mbeya, familia nyingi huingiza jiko la mkaa chumbani kupata joto. Wengi hudhani wamechukua tahadhari: huliwasha nje, husubiri moshi uishe, kisha huliingiza ndani makaa yakiwa mekundu na kufunga dirisha. Tahadhari hiyo haitoshi.

Moshi unaouona na gesi inayoua ni vitu viwili tofauti. Mkaa unaoungua kwa joto kali na hewa ya kutosha hutoa hewa ukaa. Hewa au joto likipungua, hutoa pia kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hii huweza kuungua. Ule mwali wa bluu unaochezacheza juu ya mkaa uliokolea ndiyo hiyo ikiteketea. Lakini moto mdogo hupoteza joto haraka. Mwali ukizimika na majivu yakaanza kufunika makaa, gesi haiungui tena, bali husambaa chumbani. Jiko linapoonekana limetulia, ndipo linapopaswa kuogopwa.

Majiko banifu yenye udongo wa kuchoma ndani yake, yaliyoenea Kenya tangu miaka ya 1980, huzuia joto lisipotee na kupunguza matumizi ya mkaa. Tunayaunga mkono. Lakini kubana mkaa si kuondoa gesi. Hakuna jiko la mkaa la kulala nalo, na anayeliuza anapaswa kumwambia hivyo mteja wake.

Ndani ya mwili, kaboni monoksaidi hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mgonjwa huumwa kichwa, hupata kizunguzungu, kichefuchefu na kuishiwa nguvu. Ni rahisi kudhani ni malaria au chakula kibaya. Jiulize: je, wameumwa watu kadhaa wa nyumba moja kwa pamoja? Je, wanapata nafuu wakitoka nje? Aliyelala huenda asiamke kabisa. Watoto hupumua haraka kuliko watu wazima, hivyo hudhurika mapema. Mtoto aliye tumboni naye yumo hatarini.

Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua milango, mtoe nje na umwahishe hospitali. Maziwa hayaondoi gesi hii kwenye damu. Tiba ni oksijeni. Mweleze mganga kwamba kulikuwa na jiko chumbani. Usiache kusema hilo, kwa kuwa kipimo cha oksijeni cha kuvisha kidoleni kinaweza kuonyesha namba nzuri huku damu imejaa sumu.

Tunawaelewa wazazi wenye vichanga. Mtoto mchanga hupoa haraka, na bibi au shangazi aliyekuja kulea uzazi huagiza jiko liletwe kwa nia njema. Lakini ipo njia salama zaidi: mweke mtoto kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, mvishe kofia na soksi, kisha wafunikwe wote wawili kwa blanketi, uso wa mtoto ukiwa wazi. Baba naye anaweza kumbeba hivyo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi na gesi za majumbani zilisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, vikiwemo vya watoto zaidi ya 237,000 wenye umri chini ya miaka mitano. Serikali imejiwekea lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Hadi hapo, mkaa utaendelea kuwapo majumbani. Kliniki za wajawazito zilizungumzie jambo hili kabla mama hajajifungua, na bibi akaribishwe kusikiliza. Nawe mzazi, leo usiku jiko libaki nje.