Tusilipuuze Pigo la Kichwa kwa Mtoto

Hapana nyumba yenye watoto isiyojua kuanguka. Mtoto huteleza barazani, hudondoka kitandani, huporomoka kutoka juu ya mwembe, au hurushwa kutoka kwenye pikipiki iliyopakia watu wanne. Mara nyingi hulia, hukandwa kwa maji ya moto, hupakwa mafuta, akanyamaza na kurudi mchezoni. Kwa kuwa wengi hupona, tumejenga mazoea ya kuliona pigo la kichwa kuwa ni sehemu ya kukua. Mazoea hayo ndiyo tunayotaka kuyasemea, kwa sababu miongoni mwa hao wanaonyamaza wamo ambao hawatoamka asubuhi.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa ripoti ya dunia kuhusu kuwakinga watoto na majeraha. Ripoti hiyo ilikadiria kuwa watoto zaidi ya 2,000 walikuwa wakifa kila siku kwa majeraha yasiyokusudiwa, sawa na takriban 830,000 kwa mwaka, na kwamba zaidi ya asilimia 95 ya vifo vyote vya watoto vitokanavyo na majeraha vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambamo nasi tumo. Ilieleza pia kuwa majeraha ya kichwa ndiyo yanayowapata watoto zaidi kuliko aina nyingine yoyote, na ndiyo yanayoweza kuwa mabaya zaidi. Hadi leo ajali za barabarani zinaongoza duniani kwa kuwaua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29.

Sababu ya kichwa kuumia haraka iko katika umbo la mtoto mwenyewe. Kichwa cha mtoto mchanga ni takriban robo ya urefu wa mwili wake, na shingo inayokibeba bado haina nguvu. Kwa hiyo mtoto aangukapo, kichwa ndicho hutangulia. Fuvu lake nalo ni jembamba kuliko la mtu mzima.

Hatari kubwa zaidi ni ile isiyoonekana. Baina ya fuvu na utando unaoufunika ubongo hupita mishipa ya damu. Fuvu likipasuka, mshipa waweza kukatika na damu ikavuja taratibu kwa ndani. Mtoto aweza kuzimia kidogo, kisha akazinduka, akazungumza, hata akaomba chakula, na wazazi wakamshukuru Mola kwamba yamekwisha. Lakini fuvu ni mfupa usiotanuka. Damu ikizidi, ubongo hukosa nafasi, hugandamizwa, na hatimaye pumzi husimama. Yote hayo yaweza kutokea katika muda wa saa chache tu. Akiwahishwa kwa daktari wa upasuaji, fuvu hutobolewa, damu hutolewa, na wengi huishi. Akicheleweshwa, hapana la kufanya.

Basi kila mzazi na azijue dalili hizi: kutapika mara kwa mara, maumivu ya kichwa yanayozidi, usingizi mzito asioweza kuamshwa ipasavyo, degedege, maneno yasiyoeleweka, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, mboni ya jicho moja kuwa kubwa kuliko ya pili, na damu au maji kutoka puani au masikioni. Kwa mtoto mchanga, utosi uliovimba na kukataa kunyonya ni dalili pia. Ikitokea hata moja, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, shingo yake ikishikiliwa isiyumbe. Tusiupime uzito wa jambo kwa ukubwa wa uvimbe, kwani uvimbe mkubwa waweza kuwa si kitu, na kichwa kisicho na alama kikawa kinavuja damu ndani.

Wapo watakaosema mtoto huyo amepatwa na jini. Hatukanushi kuwapo kwa majini. Lakini mtoto aliyeanguka mchana na kushikwa na degedege usiku, sababu yake inajulikana, na kumzungusha kwa waganga ni kumpotezea saa alizobakiwa nazo. Anayetaka kumsomea dua na amsomee wakiwa njiani kwenda hospitali. Wapo pia watakaosema ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Ni kweli, lakini tumefundishwa kumfunga ngamia kwanza, kisha tutawakali.

Tunalo neno na walimu wa madrasa na wazazi. Makonzi, makofi ya kichwa na fimbo za utosini si malezi. Hapana herufi inayoingia kichwani kwa njia hiyo. Na kumtikisa kwa nguvu mtoto mchanga anayelia kwaweza kukata mishipa ya ubongo wake pasipo kuacha alama yoyote nje.

Tunalo neno pia kuhusu pikipiki. Asubuhi tunawaona watoto watatu wamebanana nyuma ya dereva, mmoja amekaa juu ya tangi la mafuta, na kofia ngumu moja tu, nayo ameivaa dereva. Kofia nzuri iliyofungwa vyema kidevuni hupunguza sana hatari ya kifo na ya kuumia ubongo. Ile ya mtu mzima inayoyumba juu ya kichwa cha mtoto si kinga. Mzazi anayemkabidhi mwanawe kwa dereva wa namna hiyo ili aokoe shilingi chache na ajiulize anaokoa nini.

Mwisho tunazigeukia kamati za misikiti. Upasuaji wa ubongo haupatikani katika kila wilaya. Wengi hulazimika kupelekwa mbali, kama vile Taasisi ya Mifupa ya MOI pale Muhimbili, na safari hiyo ina gharama. Baba asiye na nauli usiku husubiri asubuhi, na kusubiri huko ndiko kunakoua. Akifa mtoto, jamaa ya msikiti hukusanya sanda, ubani na gari la maziko ndani ya saa moja. Hilo ni jambo jema na tuendelee nalo. Lakini jamaa inayoweza kupata gari la kumpeleka mtoto makaburini inashindwaje kupata gari la kumpeleka hospitali angali hai? Kila msikiti na uweke mfuko mdogo wa dharura, na namba ya mwenye gari aliye tayari usiku na mchana ibandikwe mlangoni. Ijumaa hii ianzie hapo.

Wabillahi tawfiiq.