Pikipiki ya Baba Mkwe na Pesa ya Bati

Najua wengi wenu mlitegemea niendelee na ile mada ya wivu, na ujumbe wenu nimeusoma wote. Naomba mnivumilie. Mwezi huu nina langu la nyumbani, na nisipolitoa sioni nitakaaje kwenye kiti hiki kuwashauri wenzangu kuhusu pesa za ndani ya nyumba.

Ilikuwa Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, geti linagongwa kama kuna msiba. Natoka na khanga yangu, nakuta fuso la machungwa kutoka Muheza. "Dada, mzigo wenu huu." Mzigo, jamani! Katikati ya machungwa kulikuwa kumelala kitu kimeviringishwa turubai na kufungwa kwa kamba za katani. Vijana wakakishusha. Honda CG125, nyekundu kwa mbali, iliyobaki ni kutu, vumbi na kinyesi cha kuku. Mume wangu akatokea nyuma yangu na bukta, anatabasamu kama mtoto siku ya Idi. "Ya mzee," akasema.

Nikauliza swali ambalo mwanamke yeyote mwenye akili timamu angeuliza. "Nani kalipa usafiri?"

Hapo ndipo tabasamu lilipopungua.

Sisi tunajenga Kibaha, kidogo kidogo kama mnavyojijenga wengi wenu. Nyumba imefika lenta. Kuna akaunti tunaiita "ya bati", kila mwezi kila mmoja anaweka chake, na sheria ni moja tu: hakuna anayegusa bila kumwambia mwenzake. Bwana yule alikuwa ametoa laki tatu na nusu. Usafiri, matairi mawili, na "kianzio cha fundi". Wiki mbili nzima tunakula meza moja na hajasema neno.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

Kweli ningekataa! Lakini hilo si jibu, na alijua si jibu. Mimi mwenye shahada ya mawasiliano, ninayewaandikia kila mwezi kwamba wapenzi wazungumze, nilinuna siku nne. Chai nikawa naacha kwenye chupa.

Siku ya tano nikamkuta uani amepanda juu ya lile dude, mguu uko kwenye kiki, anataka kulipiga. Bahati nzuri mtaani kwetu kuna mzee mmoja fundi wa zamani, siku hizi anashinda kijiweni chini ya mwarobaini akicheza bao. Alikuwa anapita. Alipiga kelele hata mimi jikoni nikashtuka. "Kijana! Shuka! Usiguse kiki!"

Nilisogea kusikiliza, ndiyo nilikuwa nimenuna, lakini umbea nao ni kitu kingine. Mzee akaeleza kwamba injini iliyolala miaka zaidi ya 20 imekauka ndani. Ile oili inayopaka kuta za silinda imeshatiririka chini zamani, na ringi za pistoni huenda zimeshikwa na kutu. Ukipiga kiki kwa nguvu unakwangua silinda, na hapo umejinunulia kazi ya pesa nyingi. Akatoa plagi, akamimina oili kama vijiko viwili kwenye tundu, akaziba kwa kitambaa. "Kalaleni," akasema. Kesho yake akaongeza. Siku ya tatu akaweka gia ya juu, akawaambia wasukume gurudumu la nyuma kwa mkono, polepole, mbele na nyuma. Ikagoma, ikagoma, halafu ikasogea kama robo ya kidole. Mume wangu akanitazama. Nikajifanya naanua nguo.

Nisiwafiche, nilianza kuipenda kazi kabla sijamsamehe mtu. Usiku nikawa nasoma habari za hizi CG. Kumbe zilianza kutolewa mwaka 1976, na Honda waliziunda makusudi kwa ajili ya nchi kama zetu, barabara mbovu na oili isiyobadilishwa kwa wakati. Vali zake zinasukumwa na vijiti badala ya cheni ya ndani, na hata mnyororo wake umefunikwa wote kwa bati ili vumbi lisiingie. Muundo wa injini hiyo ndio ulioigwa na Wachina, kwa hiyo bodaboda nyingi zinazokupeleka kazini asubuhi ni wajukuu wa pikipiki ya baba mkwe wangu. Plagi yake ni D8EA, ileile anayoiomba kijana wa boda dukani. Nilifurahi sana kujua hilo, sijui hata kwa nini.

Tangi ndilo lililotutoa jasho. Lililokuwa ndani si petroli tena, ilikuwa imegeuka gundi ya kahawia inanuka vanishi. Miaka ile petroli yenye risasi ilikuwa bado inauzwa, huku kusini mwa Sahara ilikuja kuondolewa kufikia mwanzo wa 2006, kwa hiyo mzee akatuamuru tuvae glavu na watoto wakae mbali. Tukaimwaga kwenye dumu, tukatia kokoto ndogo na siki, tukaanza kutikisa kwa zamu kama kayamba. Maji yakatoka mekundu. Tukarudia mara tatu, tukasuuza kwa maji yenye magadi ili kuua ile siki, tukalikausha juani, kisha petroli safi kidogo ya kusuuzia. Mikono yangu iliniuma hadi Jumatano. Ofisini wakaniuliza kama nimeanza jimu.

Kisha kabureta. Hii tuliifanyia sebuleni usiku, kwenye mkeka, watoto wamelala. Mle ndani kuna vijeti, vitu vya shaba vyenye kitundu chembamba kuliko sindano ya kushonea, na vyote vilikuwa vimezibwa na ile gundi. Mzee alitukataza kabisa kuvichokonoa kwa waya wa chuma, maana ukipanua kitundu hata kidogo injini inakunywa petroli kama mlevi. Unaloweka, unapuliza, unachokonoa kwa unywele wa brashi. Kazi ya subira. Na mkono ukiwa na kazi ya subira, mdomo nao unafunguka.

"Unajua kwa nini iliwekwa?" akaniuliza, macho yake kwenye jeti.

Nikasema najua, baba alifariki 2004.

"Usiku ule aliniamsha mimi. Alikuwa anashika kifua. Akasema washa pikipiki unipeleke hospitali."

Alikuwa kidato cha tatu, ana miaka 17. Alipiga kiki mpaka kisigino kikatoka damu. Petroli ikanuka uani kote, pikipiki haikuwaka. Gari la jirani lilipatikana alfajiri. Mzee hakufika saa sita mchana. Baada ya matanga mama mkwe akaifunika turubai, ikaingizwa banda la kuku, na yeye hajaigusa tena.

"Nilikosea choki," akasema. "Niliifurikisha. Angekuwa mtu mzima pale, ingewaka."

Mpenzi msomaji, tuna miaka saba ya ndoa. Nilikuwa najua saizi ya shati lake, namba yake ya siri ya benki, na jina la mpenzi wake wa kidato cha sita. Hili sikulijua. Sikuwa na la kusema, nikachukua jeti mkononi mwake nikaendelea kupuliza. Hasira ya pesa haikuisha usiku ule, nisiwadanganye. Ilijisogeza tu pembeni kidogo.

Jumamosi iliyofuata kila kitu kilikuwa tayari: oili mpya kama lita moja, tangi, kabureta, hata kiota cha panya tulichokitoa kwenye boksi la filta ya hewa. Betri ilikuwa imekufa, lakini fundi akasema injini hii huwaka bila betri. Mume wangu akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena. Mara ya kumi nikaona uso wake unabadilika, na nikajua yuko wapi. Hakuwa pale uani kwetu.

Mzee akamwambia apumzike. Akaegemeza plagi kwenye chuma cha injini, akapiga kiki, hakuna cheche. Akafungua kava la kushoto, akamulika kwa tochi zile platini, halafu akakaa kimya muda mrefu.

"Kijana, hii mliiweka lini?"

"2004."

"Haikuharibikia kwenye kuwekwa." Akatuita tuone. Ncha moja ya platini ilikuwa na shimo, nyingine imeota kichuguu, zote nyeusi zimeungua. Akasema kutu ni kitu kingine, huku ni kuungua, na platini haiungui ikiwa imelala. Inaungua hivyo kondensa inapokufa wakati injini inafanya kazi. "Huyu alikuwa anamsumbua mwenyewe muda mrefu kabla hamjamweka. Siku ya mwisho hata mimi ningepiga kiki mpaka asubuhi."

"Hata kwa choki?" mume wangu akauliza. Sauti ilikuwa ndogo.

"Choki ya nini, na cheche hakuna?"

Mume wangu akasema anakwenda kununua soda. Hakuna aliyeomba soda. Alikaa huko nusu saa, na akarudi bila soda.

Mimi si fundi. Siwezi kuwaapia kwamba usiku ule tatizo lilikuwa hilo na si jingine. Ninachojua ni kwamba mzee hakuwa ameambiwa kitu, si na mimi wala si na mume wangu, nimemuuliza mara mbili.

Platini na kondensa tulizipata Gerezani, duka la tano, kwa mzee mwingine anayehifadhi vitu vya zamani kwenye makopo ya maziwa. Fundi akazifunga, akaiweka nafasi yake kwa kijibati cha kupimia, akafunika. Kiki ya tatu ikakohoa. Ya nne ikawaka! Moshi wa bluu ukajaa uani, ndiyo ile oili tuliyoimwaga kwenye silinda inaungua, kuku wa jirani wakaruka ukuta, mwanangu akaanza kulia. Mume wangu alishikilia usukani kwa mikono miwili wala hakuongeza mafuta. Aliisikiliza tu.

Kwa wanaouliza: hapana, haijaingia barabarani. Breki zake zilikuwa zimebanduka, zimeshabadilishwa pamoja na matairi. Kadi ndiyo bado ina jina la marehemu, na huwezi kubadilisha jina bila msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Baada ya miaka yote hiyo ndugu wanakaa kikao mwezi huu kabla ya kwenda Mahakama ya Mwanzo, Muheza. Ile ada ya kila mwaka iliyokuwa inalipwa kwa vyombo vya moto ilifutwa katika bajeti ya 2017/18, kwa hiyo hapo tumepona. Kuhusu pesa ya bati, tumekubaliana anarudisha elfu hamsini kila mwezi, miezi saba, juu ya mchango wake wa kawaida. Risiti natunza mimi. Ameshalipa mmoja.

Jioni ile ilipowaka tulimpigia mama mkwe. Mume wangu hakusema kitu, akaishika tu simu karibu na injini. Nikasubiri kilio. Kwa muda hatukusikia chochote upande wa pili, halafu mama akasema:

"Mbona eksozi inapiga kelele hivyo? Baba yako hakuiacha imetoboka. Mwambie huyo fundi aichomelee."