Hadithi za katuni zipandishwe mgongoni mwa ngamia

Aghalabu mwalimu akimkuta mwanafunzi na kitabu cha katuni, humnyang'anya na kumwamuru arejee kitabu cha kiada. Kwa maoni yangu, dhana kwamba katuni ni upuuzi imepitwa na wakati. Hasara yake ni kubwa zaidi Garissa, Wajir na Mandera, ambako kitabu ni adimu kama mvua.

Hebu tutazame Japani. Mnamo 1968 kampuni ya Shueisha ilianzisha jarida la Shonen Jump, ambalo baadaye likawa la kila wiki. Ndani yake mna hadithi nyingi za michoro, kila moja ikipewa kurasa chache, kisha ikakatizwa pale pale msomaji anapotamani kujua yajayo. Wasomaji hupiga kura. Hadithi isiyopendwa huondolewa, na inayopendwa hukusanywa ikawa kitabu. Mapema mwaka 1995 jarida hilo lilichapisha zaidi ya nakala milioni 6 kwa toleo moja. La muhimu kwa walimu ni hili: kando ya herufi ngumu za Kijapani huchapishwa herufi ndogo nyepesi zinazoonyesha matamshi, ili mtoto asome bila msaada. Je, hiyo si kazi ya ualimu?

Wala jambo hili si geni kwetu. Marehemu Edward Gitau alimchora Juha Kalulu kwa miongo mingi, na wengi walijizoeza kusoma Kiswahili kupitia vituko vyake. Mwaka 2010 lilizuka jarida la Shujaaz, likagawiwa vijana bila malipo.

Garissa nayo ina historia yake. Mnamo 1996 Shirika la Huduma za Maktaba nchini lilianza kuwatumia ngamia kuwapelekea wafugaji vitabu. Mtoto aliazima kitabu, na baada ya wiki mbili msafara ukarejea. Utaratibu huo ni mwandani wa hadithi ya mfululizo. Mtoto aliyeacha shujaa wake ukingoni mwa Mto Tana, maji yakifurika, atahesabu siku hadi ngamia arudi. Isitoshe, kwa mtoto ambaye lugha ya nyumbani ni Kisomali, mchoro humfafanulia neno la Kiswahili kabla hajalifikia kamusi.

Wapo watakaosema kwamba katuni huharibu lugha na maadili. Ni kweli kwamba Shujaaz huandikwa kwa Sheng, na kwamba baadhi ya katuni za Japani hazifai watoto. Lakini dawa ya hadithi mbaya ni hadithi njema. Tuandike zetu kwa Kiswahili sanifu, juu ya ukame, malisho, duksi na safari za wafugaji.

Wachapishaji wasipokuwa tayari, shule zianze. Chama cha Kiswahili kinahitaji karatasi ya manila, kalamu na mwanafunzi mmoja ajuaye kuchora. Sura moja ibandikwe ukutani kila Ijumaa, nao wasomaji waamue kwa kura hadithi ipi iendelee.

Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Usomaji nao hujengwa hivyo, sura baada ya sura. Walimu wa Garissa, msimnyang'anye mtoto katuni yake kabla hamjamwuliza imefikia wapi.