Kimya cha Paka na Ulimi wa Mfasiri

Ipo hitilafu baina ya watazamaji wa sinema za kuchorwa ambayo imedumu zaidi ya miaka 25, na ambayo asiyeijua huidhani mzaha. Yahusu paka mmoja mweusi. Watu wazima, wenye kazi na watoto wa kulea, hushindana juu ya paka huyo kwa ukali ambao wengine huuweka kwa mambo ya urithi na mipaka ya mashamba. Jina lake ni Jiji, naye ni mwenzi wa msichana Kiki katika filamu ya Hayao Miyazaki iliyotolewa Japani mwezi Julai 1989, ambayo nchi za Kiingereza huijua kwa jina la Kiki's Delivery Service. Swali lenyewe ni dogo: je, hadithi inapokwisha, paka husema au hasemi? Katika Kijapani hasemi. Katika Kiingereza cha 1998 husema. Lakini katika nafasi iliyo kati ya kusema na kunyamaza imo hoja nzima ya kazi ya mfasiri: apewa nini, aruhusiwa nini, na mkono wake ukome wapi.

Kisa chenyewe chafaa kukumbushwa, maana hukumu bila kisa ni dhuluma. Asili yake ni kitabu cha watoto cha Eiko Kadono kilichochapishwa mwaka 1985. Kiki ni mchawi, ingawa neno hilo katika Kiswahili lina sumu ambayo hadithi hii haina. Desturi ya watu wake ni kwamba binti akitimiza miaka 13 huondoka kwao, akaishi mwaka mmoja peke yake katika mji usio na mchawi. Basi Kiki hupanda ufagio wake, huruka usiku pamoja na Jiji, akatua katika mji wa Koriko ulio kando ya bahari. Mwoka mikate aitwaye Osono humpa chumba, naye huanza kazi ya kupeleka vifurushi vya watu kwa njia ya anga. Kisha humfika msiba usio na jina. Ufagio hauruki tena, na maneno ya paka, ambayo yeye peke yake aliyasikia, yamekuwa mlio mtupu wa paka. Mwishowe rafiki yake Tombo huning'inia kwenye kamba ya chombo kikubwa cha hewa, na Kiki huazima brashi ya kusugulia sakafu, akaruka, akamwokoa. Kuruka kumerudi. Kusikia hakukurudi. Jiji humpanda begani na kulia kama paka yeyote, na msichana hutabasamu.

Mwenye akili atauliza: kwa nini kimoja kirudi na kingine kipotee? Jawabu halikutamkwa popote katika filamu, na hapo ndipo utukufu wake. Kuruka ni kazi ya Kiki. Kwa kuruka hula, hulipa chumba, hufaa watu. Maneno ya paka yalikuwa ya namna nyingine. Yalikuwa faraja ya mtoto asiye na mtu wa kusema naye. Alipokuja mjini hakuwa na mwingine. Hadithi inapokwisha ana Osono, ana Tombo, ana Ursula mchoraji wa msituni, na bibi aliyempikia keki yenye jina lake. Paka naye amepata mke na watoto. Hapana aliyemtupa mwenziwe. Ila mlango mmoja umefungwa, kama unavyofungwa kwa kila mtu atokaye utotoni, na aliyefungiwa halii. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mlio ule mmoja wa paka una mshindo kuliko hotuba.

Katika tafsiri ya 1998 iliyotengenezwa na Disney, paka huyo alipewa maneno mwishoni. Humwuliza Kiki kama amsikia. Swali hilo fupi, ambalo halimo katika Kijapani, lafungua tena mlango uliofungwa. Hadithi ya msichana aliyekua imegeuka hadithi ya msichana aliyeugua akapona. Hakuna picha iliyobadilishwa, wala hapana aliyekatwa. Hata hivyo maana imepinduliwa chini juu.

Ili ajabu hii ieleweke, lazima kutazama nyuma. Filamu ya Miyazaki ya mwaka 1984, Nausicaä wa Bonde la Upepo, iliingia Marekani katikati ya miaka ya 1980 kwa jina la Warriors of the Wind, ikiwa imenyofolewa zaidi ya dakika 20 na wahusika wake wakibandikwa majina mapya. Jeraha hilo halikusahauliwa. Hivyo mwaka 1996, kampuni ya Tokuma ilipopatana na Disney juu ya kueneza filamu za Studio Ghibli, liliwekwa sharti kwamba filamu hizo zisikatwe. Sharti lilikuwa la haki, lakini lilimlinda kondoo na chui likamsahau fisi. Mkasi ulizuiwa, ulimi ulikwenda huru. Aliyekatazwa kupunguza aliona kwamba aweza kuongeza, na nyongeza yake ikafanya kazi ambayo mkasi hauwezi.

Nyongeza hazikuwa za mwisho tu. Jiji wa Kijapani alisemwa na Rei Sakuma, mwanamke, kwa sauti nyororo inayofanana na ya kijana mdogo. Amkaribia Kiki mwenyewe kwa umri na kwa woga. Jiji wa Kiingereza alisemwa na Phil Hartman, mchekeshaji mahiri, kwa sauti ya mwanamume aliyekwisha yaona ya dunia. Mahali pengi ambapo mchoro ulikuwa kimya, paka huyo alitiwa vichekesho. Muziki wa Joe Hisaishi uliongezewa mwingine wa Paul Chihara pale palipokuwa pametulia. Nyimbo za Yumi Arai zilizofungua na kufunga filamu ziliondolewa, zikawekwa nyingine za Kiingereza. Hata kahawa aliyokunywa Kiki iligeuzwa kuwa maji ya chokoleti. Kila badiliko likitazamwa peke yake ni dogo. Yakitazamwa pamoja yana nia moja: mtazamaji asiachwe hata nukta moja bila kuambiwa kitu.

Nia hiyo ni kinyume cha sanaa iliyofasiriwa. Katika mahojiano na mhakiki Roger Ebert mwaka 2002, Miyazaki alipiga makofi mara chache, kisha akaeleza kwamba muda ulio kati ya kofi na kofi ndio uitwao ma. Kwake nafasi hiyo ni tendo, wala si upungufu wa tendo. Kuijaza ni sawa na kuziba madirisha ya nyumba kwa matofali mazuri na kudai kwamba nyumba imeongezwa thamani.

Sasa zitazamwe hoja za watetezi na za wapinzani, maana pande zote mbili zimekosea, kila moja kwa namna yake.

Wa kwanza ni wale wasemao kwamba filamu ya Kijapani isitiwe kamwe sauti ya lugha nyingine. Itazamwe kwa Kijapani na maandishi chini ya picha. Hawa hujiona walinzi wa asili, lakini asili hawaijui. Katika filamu za kuchorwa za Japani, desturi kubwa ni kwamba waigizaji hutia sauti zao baada ya michoro kutengenezwa. Sauti ya Kijapani nayo hutiwa katika vinywa vya rangi visivyo na pumzi; hapana koo la asili linaloporwa. Tena mji wa Koriko si mji wa Japani. Wachoraji walikwenda Stockholm na Visby, katika nchi ya Sweden, wakachota kuta, mapaa na njia za mawe. Msichana akaaye mji wa Ulaya usiopatikana katika ramani yoyote hana wajibu wa damu kusema Kijapani. Na juu ya hayo, maandishi ya chini hudai kodi kwa jicho. Mtoto wa miaka mitano hawezi kuilipa, na filamu hii ilitengenezwa ili mtoto naye aione. Kumnyima lugha yake ili mtu mzima afurahie usafi ni ubahili.

Kwa hiyo kutia sauti si kosa. Kirsten Dunst alimsema Kiki kwa Kiingereza kwa upole na ukweli, na Debbie Reynolds alimpa yule bibi heshima inayomstahili. Kazi yao yathibitisha kwamba mfasiri mwaminifu aweza kubadili kila neno asiharibu neno lolote.

Wa pili ni wapenzi wa Jiji wa Hartman, na hoja yao yahitaji kusikilizwa kwa adabu. Hartman alikufa mwezi Mei 1998, na kanda za filamu zilitolewa madukani Septemba mwaka huo. Kwa watoto wengi wa Marekani, ile ilikuwa sauti ya marehemu iliyobaki ikiwachekesha. Mwaka 2010 Disney ilipoitoa filamu upya, sehemu kubwa ya nyongeza zake iliondolewa pamoja na lile swali la mwisho, na nyimbo za Yumi Arai zikarudishwa. Watazamaji hao waliona kana kwamba kumbukumbu zao zimeingiwa na mwizi. Huzuni yao ni ya kweli. Lakini huzuni si hoja. Sauti ya Hartman haikufutwa. Kila mahali Jiji anaposema katika Kijapani, Hartman yupo na yu mzuri. Kilichoondolewa ni maneno ambayo mwenye hadithi hakuyaweka. Mtu akiishi miaka 12 katika nyumba iliyojengwa juu ya njia ya wapitao, mazoea yake yaweza kuhurumiwa, ila njia haiwi yake.

Tena wapenzi hao husema kwamba paka mcheshi alipendeza kuliko paka mpole. Yawezekana. Lakini paka mcheshi si yule aliyepotea. Katika Kijapani Kiki hupoteza mwangwi wa utoto wake mwenyewe. Katika Kiingereza cha 1998 hupoteza mjomba mwenye maneno, na mjomba akipotea, kila mtoto hutaka arudi. Hivyo vichekesho ndivyo vilivyolazimisha mwisho mpya: waliompa paka maneno mengi mno hawakuweza tena kumnyamazisha.

Wa tatu ni wengi, nao ni hatari kuliko wote. Husema kwamba haya ni makuu ya bure, kwani hii ni filamu ya watoto. Hoja hii yapaswa kugeuzwa. Msomaji mzima akipewa tafsiri mbovu aweza kutafuta nyingine, kulinganisha, hata kujifunza lugha ya asili. Mtoto hana njia hizo. Alichopewa ndicho kitabu chote kwake. Kwa sababu hiyo amana ya mfasiri wa watoto ni nzito kuliko ya mfasiri wa wanachuoni, wala si nyepesi. Aliyeona kwamba mtoto hawezi kuvumilia nukta kumi za upepo na nyasi bila mzaha, amemdharau mtoto. Na aliyeona kwamba mtoto hawezi kuambiwa kuwa baadhi ya vitu hupotea na maisha huendelea, amemnyima habari ambayo mtoto ataipata tu, pengine bila mtu wa kumshika mkono.

Labda mtu atauliza: je, wasimuliaji wa filamu katika mabanda ya video ya Dar es Salaam na Nairobi nao wana hatia? Wao huzungumza juu ya sinema za kigeni kwa Kiswahili, huongeza utani, huwapa wahusika majina ya mitaani, hutabiri yajayo. Japani yenyewe ilikuwa na mafundi kama hao, benshi, waliosimama kando ya kitambaa zama za sinema zisizo na sauti. Jibu ni kwamba hawana hatia, na sababu yake yaonyesha mpaka unaotafutwa. Msimuliaji hujulikana. Hadhira yasikia kwamba hii ni sauti yake, yampenda au yamzomea kwa jina lake, na hapana adhaniye kwamba utani ule ulitoka kwa mwenye filamu. Nyongeza yake ina mwenyewe. Nyongeza ya 1998 ilivaa ngozi ya paka, ikatoka kinywani mwake, na mtoto akaamini kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo.

Basi kosa si kuongeza, wala si kufasiri, wala si kupenda. Kosa ni kuongeza kwa siri na kuuza nyongeza kwa jina la mwingine. Masahihisho ya 2010 yalikuwa haki, na wanaoyalilia hawana dai la kuyarudisha nyuma. Lakini toleo la 1998 lisitupwe motoni. Liwekwe katika hifadhi, lipatikane kwa wachunguzi na kwa waliokulia ndani yake, kwani ni ushahidi wa jinsi taifa moja lilivyouogopa ukimya wa taifa jingine. Ila liandikwe wazi juani, juu ya jalada, kwa herufi ambazo mzazi ataziona kabla ya kulipa: kwamba hii ni hadithi ya Kiki kama ilivyosimuliwa Marekani, na kwamba paka, mahali alikotoka, alinyamaza.