Chuck Berry alikuwa na haki kudai chake mapema

Wapo wanaomkumbuka Chuck Berry, yule mpiga gitaa na mtunzi wa roki wa Marekani aliyefariki mwaka 2017, kwa uchoyo: ati hapandi jukwaani kabla ya kulipwa fedha taslimu. Mimi siwaungi mkono.

Mwaka 1955 alirekodi wimbo "Maybellene" katika kampuni ya Chess, mjini Chicago. Santuri ilipotoka, alikuta watunzi wamekuwa watatu. Walioongezwa ni Alan Freed, mtangazaji mashuhuri wa redio, na Russ Fratto, mfanyabiashara aliyekuwa karibu na wenye kampuni. Hawakuwa wametunga hata ubeti mmoja, lakini mrabaha waligawiwa. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kwa nini basi Berry asidai chake kwanza?

Kodi alikwepa, na mwaka 1979 akafungwa. Hilo silitetei.

Haki kamili ya wimbo huo aliipata mwaka 1986, miaka 31 baadaye. Mwaka 1977, wimbo wake "Johnny B. Goode" uliporushwa anga za mbali katika vyombo vya Voyager, "Maybellene" ulikuwa ungali na mabwana watatu hapa duniani.